Hakikuuliza Nani Alipanda Kwanza

Glasgow

Mama mpenzi,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi inayouma masikio. Mguu wako je, bado unavimba? Mimi mzima, ila tangu nipate barua ya wifi yangu Atieno chakula hakishuki.

Ananiambia Baba Mkubwa anataka yeye ahame boma baada ya mavuno. Eti marehemu kaka yangu Ouma alikaushwa na laana ya chira kwa sababu mkewe alipanda mahindi kabla yako wewe, mama mkwe. Nakataa, Mama, na nitakataa hata nikiitwa binti aliyeharibiwa na Wazungu!

Sikiliza ninachokisoma hapa maabara. Ndani ya seli za mwili kuna chumba ambamo maagizo ya kazi huandikwa; tunayaita RNA. Kirusi cha UKIMWI kikiingia, huandikisha maagizo yake humo humo. Seli nayo si jinga, huyakatakata kabla hayajatoka. Lakini kirusi kina protini yake inayoishika hiyo RNA kwenye mkunjo wake na kuitoa nje ya chumba ikiwa nzima nzima, kama mtu wa magendo anayejuana na askari wa mpaka kule Muhuru. Huko nje seli yenyewe hutumwa kuunda virusi vipya. Ndivyo Ouma alivyoisha. Sisi tunatafuta namna ya kuifanya protini hiyo iiachie RNA. Dawa ya namna hiyo hatujapata, sikudanganyi, lakini hatukomi.

Katika kazi yote hiyo sijaona mahali kirusi kinapouliza nani alipanda kwanza. Na kama kupanda kunaua, mbona mimi nipo? Tulishika majembe pamoja, mimi na Atieno, wewe ukiwa umelazwa Homa Bay na mvua imeshaanza. Ulituambia ukiwa kitandani, "Pandeni tu, nyithinda, wanangu, mvua haingojangi mgonjwa." Baba Mkubwa hajui hayo. Atieno amenyamaza asije akakuaibisha.

Huenda Atieno naye anacho kirusi hicho. Naogopa, Mama. Akifukuzwa, nani atamkorogea uji? Kwao Sori hakuna mtu tena.

Msalimie sana huyo mke wa marehemu, na mdogo wangu Akoth anayekusomea. Akoth, rudia kusoma kwa sauti, Baba Mkubwa akiwa ameketi hapo. Nawe Mama, inuka useme ni wewe uliyetutuma tupande.

Mguu ukiuma, shika ukuta. Lakini simama.

Mwanao mkaidi,
Achieng