Nafasi Niliyomwahidi Hadija

Dubai, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, goti limetulia, na maji ya chumvi hayajapanda tena hadi kwenye mpunga. Dada mmoja wa Garsen ninayeishi naye chumba kimoja anakuja likizo, ameniahidi kuifikisha hapo kijijini Ozi kwa mkono wake. Simu nilipiga, tena mara mbili. Kila uliposema nikueleze hali yangu, nikawa nauliza habari za kuku.

Najua Hadija ndiye anayekusomea. Mdogo wangu, soma yote kwa sauti, usiruke, ingawa habari ni yako. Ile nafasi niliyokuahidi kazini kwetu, ambayo kwa ajili yake nilikufanya uache chuo cha ualimu, haipo. Na mimi mwenyewe kazi yangu imekwisha.

Mama, wenzio wakikuuliza Mwanaisha anafanya nini Dubai, huwa unajibu, "Kompyuta," nao wanatosheka. Leo nikueleze. Kampuni kubwa ikitaka programu ya kuendeshea shughuli zake zote, stoo, mauzo, mishahara, huinunua kwa walioitengeneza, kisha hutuita sisi tuikate na kuishona hadi iwakae sawasawa. Kazi hiyo ilichukua miezi, na sisi tulilipwa kwa kila siku tuliyokaa pale. Hatukuwa na kiwanda wala bidhaa. Tulichouza ni kujua.

Mwaka jana wale watengenezaji wakatuletea akili bandia, yaani programu inayojifunza na kujibu kama mtu. Tukaambiwa kila mmoja aifundishe anayoyajua, ije itupunguzie kazi. "Usifiche kitu," bosi wangu, Bwana Farid, akaniambia. "Andika hata yale unayoyaona madogo."

Wenzangu waliandika nusu nusu, mengine wakabaki nayo kichwani. Mimi sikulelewa hivyo. Kwetu mgeni akipewa konde kando ya mto, jirani humtembeza konde zima, amwonyeshe maji yanaposimama, chumvi inapoingilia, ndege wanapoanza kula. Anayemficha mgeni husemwa hadi anaingia kaburini. Basi nami nikaitembeza. Niliandika hata habari ya mzee wa stoo moja ambaye mizigo ya Alhamisi haiandiki hadi Jumamosi, kwa sababu lori la pili huchelewa, jambo nililolijua kwa kunywa naye chai wiki nzima. Bwana Farid akanisifu mbele ya watu, na mimi nikavimba kichwa.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa mteja wetu wa siku nyingi, wauzaji wa vifaa vya ujenzi. Mhasibu wao, mama mtu mzima, mpole, alitukaribisha kahawa kisha akasema, "Kazi mliyotuandikia kuwa itachukua miezi mitatu, msichana wetu wa ofisini ameifanya juzi kwa hiyo akili bandia. Alimaliza kabla ya chakula cha mchana." Kumbe watengenezaji walikuwa wameshawauzia wenyewe akili bandia hiyo, pamoja na yote tuliyoifundisha, bila kupitia kwetu. Bwana Farid akajitetea kwamba sisi tuna uzoefu. Yule mama akamwambia kila kampuni iliyowahi kuja kwake inao uzoefu huo huo, na sasa programu inao pia.

Wateja wengine wakafuata. Watu wakaanza kupunguzwa, na walioanziwa ni wale wapya, wanaoingiza orodha na kusahihisha majina ya bidhaa. Hiyo ndiyo ingekuwa kazi ya Hadija. Wiki iliyopita nami nikapewa barua yangu. Nina siku chache za kutafuta mahali pengine kabla ruhusa yangu ya kuishi huku haijaisha. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kukusanya vitu vyangu.

Nisalimie mjomba, aliyembebea Hadija sanduku siku ya kwanza ya chuo, na shangazi anayeshinda nawe shambani kuamia ndege wasile mpunga. Mama, usimkaripie Hadija. Hakuacha chuo kwa kiburi, aliacha kwa neno langu.

Hadija, nenda kwa mkuu wa chuo kabla muhula haujaanza. Mwambie dada yako ndiye aliyekupotosha. Akitaka kunisikia, mpe namba yangu ya simu, nami nitakiri.

Na lipo jambo ninalokuomba unisamehe. Mara zote uliponiomba nikufundishe kazi hii kwa simu, angalau saa moja kila Ijumaa, nilikwambia nina kazi nyingi. Kazi yenyewe ilikuwa kuifundisha hiyo programu. Nilikuwa na subira nayo, mdogo wangu. Ikikosea, naieleza tena, hata mara kumi, bila kuchoka. Wewe sikukufundisha hata jambo moja.

Ni mimi, mwanao, mama, na dada yako,
Mwanaisha