Maigizo Mawili kwa Usiku Mmoja

Jumamosi, Missouri City, kando ya Houston. Jua limewaka tangu asubuhi, shati limenigandia mgongoni, na leo silalamiki hata kidogo.

Shajara, watoto wamecheza. Kwa Kiswahili!

Mwezi uliopita nilikuwa nimeshanyoosha mikono. Mimi ndiye ninayefundisha darasa la Kiswahili la Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, kwa sababu wazazi wenzangu walinichagua nilipotoka kwenda kuchukua chai. Watoto ni wa Kenya, Tanzania na Kongo, na wote ukiwauliza jambo wanakujibu kwa Kiingereza. Tulitunga igizo fupi: bibi kutoka Morogoro anafika Houston na kutaka kupatana bei na keshia wa supamaketi. Anayemwigiza bibi ni binti yangu Zawadi, mwenye miaka kumi na mmoja.

Kisha Zawadi akagoma. "Baba, I can't. Wata-laugh at my accent." Wazazi nao kwenye kundi la WhatsApp wakaona heri tucheze kwa Kiingereza, wageni waelewe, watoto wasiaibike. Nikakubali. Nisijidanganye, niliona nafuu.

Aliyeniharibia nafuu hiyo ni Oksana. Ni mhasibu, na Jumamosi anafundisha watoto wa Kiukraine chumba cha pili. Siku ya kwanza nilimwita Mrusi. Aliniangalia mpaka nikaomba radhi kabla sijajua kosa langu.

Nilipomwambia tumehamia Kiingereza, aliweka kikombe chini akanisimulia habari za ukoo wake. Nchi yao ilipokuwa chini ya mfalme wa Urusi, kuchapa vitabu kwa Kiukraine kulipigwa marufuku. Wakubwa walisema hakuna lugha kama hiyo. Vitabu vikachapwa ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zao waliotawaliwa na Austria, vikaingizwa kwa siri. Maigizo nayo yalikatazwa, halafu yakaruhusiwa kwa sharti: ukicheza la Kiukraine, usiku huohuo ucheze na la Kirusi, urefu uleule. Babu wa babu yake alikuwa mwigizaji. Basi walicheza yote mawili mpaka koo zikawakauka, na watu wa mji wao, Poltava, walijua vizuri saa ya kuingia, la Kiukraine likianza, na saa ya kutoka, kabla ya la Kirusi. Humo ukumbini, anasema, wakulima na wanafunzi walicheka pamoja wakaanza kujiona taifa moja. Baadaye wakaunda vyama, wakadai bunge lao, na wengine wakafungwa.

"Sisi walitukataza," akaniambia kwa Kiingereza. "Nyinyi nani kawakataza?"

Nilirudi nyumbani nimenuna.

Ila nilimsimulia Zawadi yote. Akauliza, "So wali-perform mara mbili? Usiku mmoja?" Kesho yake nikamkuta chumbani anakariri maneno ya bibi. Nikaandika kundini kwamba tunarudi kwenye Kiswahili, na atakayechukia aje alichukue darasa. Hakujitokeza mtu.

Leo katikati ya igizo akasahau maneno. Nilishika kiti kilichokuwa mbele yangu kwa mikono miwili.

Kisha akajishika kiuno kama mama yake na kumwambia keshia, "Mwanangu, acha utani! Hiyo ni bei ya nyanya au ya shamba?" Hatukuyaandika hayo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akasimama akituangalia, akaona kwamba hatumcheki yeye. Nilimwona usoni alipoelewa. Oksana, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, alicheka mpaka akafuta machozi.

Namshukuru Oksana. Namshukuru na yule babu wa babu yake, ambaye hata jina lake sikuuliza.

Tulipotoka nikampigia mama yangu Morogoro, kule giza limeshaingia. Kwa kawaida mimi ndiye mkalimani: Zawadi anaongea Kiingereza chake, mimi natafsiri, mama anaitikia. Leo kabla sijafungua mdomo Zawadi alininyang'anya simu, akaenda kusimama kivulini kando ya ukumbi, akanipa mgongo.

Wameongea mpaka simu ikapata moto. Mimi nilikaa garini, mlango wazi, nikiwasikia wanavyochekeshana. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyenihitaji, na sijawahi kushukuru namna ile.