Sauti ya Nyuma Yangu

Dada yangu mpendwa,

Ndoa tamu, jamani! Leo siku ya nne tunapita vijiji vya bondeni kwa baiskeli. Njia hii mume wangu aliizoea na marehemu mkewe, nami sikuona neno. Yeye hutangulia, akiona shimo hupaza sauti, "Shimo!" nami hurudia, ajue nimesikia. Kisha nyuma yangu mwanamke hurudia pia. Nikigeuka, barabara tupu.

"Mwangwi tu, mwoga wee!" mume wangu hunicheka.

Asubuhi hii, kwenye mteremko, sauti ile ilimwahi: "Mchanga!" Akafunga breki, tukanusurika.

"Asante, mke wangu," akasema kwa upole.

Dada, mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Bado vijiji sita. Niombee.

Mdogo wako akupendaye