Kifungo Anahema, Shangazi Ametulia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla mtaa mzima haujaniona nimechanganyikiwa, maana mume wangu ameshaniona hivyo. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, na nina mbwa wawili, mdogo anaitwa Kifungo kwa sababu siku ya kwanza tu alimeza kifungo cha koti la mteja, na yule mzee tunamwita Shangazi kwa jinsi anavyomkagua kila anayeingia. Sasa huyu Kifungo, mshauri, pumzi zake zinaniua. Akitoka kukimbiza mpira anahema ulimi nje, mate yanamtiririka, na akilala chini ya cherehani ndiyo balaa zaidi, miguu inacheza, anaguna, mara anatulia, mara anaanza tena, nami nikaamua kumhesabu kwa saa ya ukutani, kifua kikipanda moja, kikishuka mbili, dakika nzima, nikapata arobaini na nane, na jirani aliyefuga mbwa miaka mingi ananiambia ikizidi thelathini akiwa amelala ni ugonjwa, basi nikalia mpaka nikalowesha kitambaa cha watu! Nakiri kwamba juzi nilikuwa nahesabu huku nashona, nikamshonea mteja mguu wa suruali ukaziba kabisa. Mume wangu anacheka, anasema, "Mama, ukimaliza mbwa uhesabu na kuku." Nimemwekea Kifungo nafasi kwa daktari wa mifugo Jumamosi, ila naogopa atakachoniambia. Afadhali Shangazi hanisumbui. Uzee umemtia adabu, wiki hii habweki, hazururi, anakaa kitako mlangoni mchana kutwa, shingo ameinyoosha, viwiko ameviachanisha kama mteja anayepimwa kwapa, hata kulala hataki, anasinzia amekaa. Huyo namshukuru Mungu. Nifanye nini na Kifungo wangu?

Fundi Mwenye Wasiwasi

Fundi, mwanangu, pole, halafu nikugombeze kidogo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja, siyo mbili! Umemhesabu mbwa kama unavyopima kiuno cha suruali iliyolazwa mezani, ukazidisha mara mbili. Igawe hiyo arobaini na nane, unabaki na ishirini na nne, na hiyo ni pumzi ya mbwa mzima aliyelala. Kuhema baada ya mpira ni namna yake ya kujipoza, kwa kuwa mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Akikaa kivulini akanywa maji, kunakwisha. Miguu kucheza usingizini ni ndoto tu, huenda anakimbiza kifungo kingine.

Lakini macho yako yalikuwa wapi, fundi? Mgonjwa ni yule uliyemshukuria Mungu. Mbwa anayekataa kulala, akanyoosha shingo na kupanua viwiko, anatafuta hewa. Hiyo siyo adabu. Ndiyo maana sikungoja gazeti litoke. Namba yako ilikuwa nyuma ya bahasha, nikakupigia papo hapo.

"Shangazi? Mbona yuko vizuri tu," ukaniambia.

Nikakuomba ukamhesabu, safari hii kupanda na kushuka iwe moja. Ukarudi kwenye simu: "Hamsini na mbili, na tumbo linasukuma kila akivuta pumzi." Nikakuambia ufunge kazi, nafasi ya Kifungo umpe yeye, na siyo Jumamosi, sasa hivi. Asitembezwe, asibanwe kifua, abebwe taratibu. Ulisahau kukata simu, nikakusikia ukimwambia, "Shangazi yangu, nisamehe, nilikuwa naangalia kwingine."

Nanyi wengine mnaosoma huku mnamcheka fundi, hebu mwangalieni wa kwenu. Mhesabuni akiwa amelala, dakika nzima. Ikizidi thelathini kila mkihesabu, nendeni kwa daktari. Na tumbo likisukuma, au fizi zikiwa za buluu au kijivu, au anahema wakati hakuna joto wala mchezo, msilale na tatizo hilo, nendeni saa hiyo hiyo. Mbwa hatakuja kuwaambia.

Fundi, daktari amesema ni moyo, na dawa ni za kila siku maisha yake yote. Usiruke hata siku moja, nakuonya. Jana ulinitumia ujumbe: "Mshauri, Shangazi amelala ubavu, anakoroma." Nimeusoma mara nne. Mwache akorome, na wewe nenda ukaifumue ile suruali ya watu.