Soma ya Ndege Tu

9 Februari

Baba, shikamoo.

Natumai barua hii imekukuta unapumua vizuri na kile kikohozi kimekuachia. Mimi mzima. Kutwa nafungasha dawa za watu pale famasi, mwenyewe sijameza hata kidonge.

Ninayetaka kukueleza habari zake ni mama. Tangu magoti yamgomee hashuki tena ngazi, nasi tuko ghorofa ya nne na lifti ilikufa zamani. Anakaa roshani tangu asubuhi, anatazama tangi la maji juu ya paa la jengo la pili. Hashoni, haongei, redio kaizima. Jana nilimuuliza anaangalia nini, akasema, "Nasubiri ziishe." Siku, alimaanisha.

Najua alikataza jina lako lisitajwe humu ndani tangu ulipoondoka, miaka ishirini na tisa sasa, na barua zako nazipokelea kazini kama mwizi. Lakini wewe umesoma vitabu vingi kuliko daktari wetu. Mtu anayesubiri siku ziishe hupewa nini?

Binti yako

26 Februari

Mwanangu, marahaba.

Kikohozi kipo, tumezoeana. Nikilala nacho kinalala. Chumba ni kilekile juu ya duka la makufuli, na mwenye duka bado anagombana na funguo zake.

Umesema kuna tangi. Linavuja? Kama linavuja, ndege wanakuja kunywa. Basi mpe ndege.

Usicheke. Nilipostaafu kufua mashuka ya hospitali nilikaa miezi miwili nikiutazama ukuta. Aliyenitoa pale ni shomoro, aliyekuja kuchomoa nyuzi za pazia langu akajengee kiota. Kazi hii ya kutazama ndege haidai magoti.

Anayeanza asitafute ndege adimu. Achague mmoja wa kila siku, shomoro huyohuyo, amjue mpaka amchoke; huyo ndiye atakuwa kipimo chake: mkubwa kuliko shomoro, mdogo kuliko njiwa. Rangi aiache mwisho, kwa sababu jua likiwa nyuma ya ndege rangi hudanganya. Atazame umbo, mdomo, mkia na mwendo: anarukaruka au anatembea? Na ndege akiwa mbele yake asiiname kuandika. Ndege hamngoji mtu. Amtazame mpaka aondoke, ndipo aandike, na aandike alichokiona tu.

Usimwambie umeyatoa wapi.

Baba

20 Machi

Baba, shikamoo. U hali gani? Sisi salama, na leo nina ya kukuchekesha.

Niliyanakili maneno yako nikamsomea kama nimeyatoa gazetini. Sikumaliza. "Hayo ya baba yako," akasema. Nikajifanya sielewi. "Ndege hamngoji mtu! Gazeti gani linaandika hivyo? Huyo alinirudishia barua yangu ya mapenzi kaisahihisha kwa wino mwekundu, leo nisimjue?"

Nikajua karatasi itachanwa. Maji ya chai yakakaribia kukauka sufuriani. Kisha akasema, "Soma. Ila soma ya ndege tu. Habari zake nyingine sizitaki, hata akiwa anakufa."

Baba, ameomba daftari! Na ana maswali. Jioni wanapita ndege weusi, mbio kama waliochelewa kazini, mabawa kama mundu. Wapo wengine wanaofanana nao, ila hao wanatua kwenye waya. Ni wamoja? La pili: njiwa akitembea anatikisa kichwa, "ana ubishi na nani?"

Tangi linavuja, ndiyo.

Binti yako

6 Aprili

Mwanangu, marahaba, na pole kwa ngazi za kila siku.

Si wamoja. Wanaotua kwenye waya ni mbayuwayu. Wenye mabawa ya mundu ni teleka. Miguu yao ni mifupi mno, waya hawauwezi, na wapo wanaokula na hata kulala hukohuko angani. Kwa hiyo akimwona ametulia kwenye waya, ajue moja kwa moja si teleka. Amekwisha kutofautisha ndege wawili ambao watu wazima wengi hufa bila kuwatofautisha. Na hilo kalifanya peke yake.

Njiwa hana ubishi na mtu. Kichwa anakisukuma mbele, kisha kinabaki palepale mwili ukikifuata, ili macho yapate kutulia na kuona.

Ninatuma darubini. Ni ya mtumba, kioo cha kushoto kina mkwaruzo. Asimtafute ndege kwa darubini, atazunguka mbingu nzima asimwone. Macho yabaki kwa ndege, darubini ndiyo iletwe machoni.

Hili lako peke yako: mama yako ameuliza, nami nimejibu. Mara ya mwisho jambo hilo kutokea, wewe ulikuwa na miaka saba.

Baba

11 Mei

Baba, shikamoo. Kifua kinasemaje?

Darubini imefika, na nyumba haina amani tena. Jirani wa chini, yule Bi Redio aliyekuwepo hata enzi zako, alipanda kuja kumsuta: "Mwenzangu, siku hizi unachungulia waume za watu kwa mashine?"

Mama hata hakugeuka. "Waume za watu nawaona bila miwani. Nyamaza, unamfukuza."

"Namfukuza nani?"

"Kaa hapa. Usipumue."

Bi Redio akakaa. Aliondoka chakula chake huko chini kimeshaungua, na kesho yake akarudi na kigoda chake.

Sasa sikiliza. Jumapili kunguru wawili walimfukuza mwewe juu ya paa, wakimchokoa mgongoni. Mama alisimama, Baba. Alisimama hajashika kitu, akawafuata kwa darubini mpaka ukingo wa roshani. Kisha akaniambia, "Muulize kwa nini hawapigi na kucha anazo." Hakusema nitazame kitabuni. Alisema "muulize."

Usiku huo alikula sahani nzima.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu, marahaba. Natumai mko salama.

Mwewe hawapigi kwa sababu bawa likiumia hatawinda, na asipowinda atakufa njaa. Kunguru ni wepesi, wako wawili. Kwa hiyo anapanda juu mpaka wachoke.

Sasa hii si ya ndege, nami nakuomba umsomee.

Serikali ya huko imetangaza kwamba sisi tulioondoka miaka ile tunaweza kurudi kutembea, wiki tatu. Fomu hii hapa. Inataka saini ya mwenye nyumba atakayenipokea, na nyumba ni ya mama yako. Mwisho ni tarehe 30 Septemba. Nina miaka sabini na nne na kifua hiki. Sioni kama nitaifikia fomu nyingine.

Mwambie hivi. Siku ile nilisema nakwenda kwa fundi kuchukua viatu. Kiwanda chetu cha chapa kilikuwa kimeshavamiwa na askari asubuhi; kile kijitabu cha kuisema serikali nilikuwa nimekisahihisha mimi, na jina langu lilikuwa kwenye karatasi zao. Sikumwambia ninakokimbilia ili wakija asiwe na la kusema. Niliamini kutojua kutamlinda. Namwomba anisamehe, na atie saini.

Baba

14 Julai

Mwanangu, hamjambo?

Nimengoja wiki sita. Pengine barua ilipotea. Kama haikupotea, ile sehemu ya mwisho iruke. Mwambie tu kwamba vifaranga vya shomoro vikitoka kiotani huwa na pembe za mdomo za njano, na hupepesa mabawa vikiomba chakula hata vikiwa vimelingana na mama yao. Avitafute.

Baba

19 Agosti

Mwanangu, hujambo? Mimi sijambo.

Leo nimeona kiluwiluwi, yule ndege mwembamba wa mkia mrefu, kwenye dimbwi la pale wanapooshea magari. Kila akisimama anatikisa mkia. Tangi likifurika atakuja na huko.

Bado wiki sita.

Baba

5 Septemba

Baba, shikamoo.

Nisamehe kimya changu. Kila nilipoanza kuandika niliona naandika uongo, nikaacha.

Nilimsomea yote. Nilipofika kwenye viatu akanyanyua kidole. Akasema, "Hilo si la ndege." Akaichukua fomu, akaingia chumbani.

Siku tatu baadaye nilikuwa namkanda miguu, akaanza mwenyewe. Nakuandikia alivyosema. "Walinikalisha siku kumi na moja. Kila siku swali moja: yuko wapi. Nikawaambia, kwa fundi viatu. Kesho yake tena, kwa fundi viatu. Wakaona nawachezea shere. Angeniambia, ningekuwa na siri ya kushikilia. Mimi nilipigwa sina hata siri." Nikamwambia anyooshe goti. Akasema, "Unadhani haya magoti ni uzee?"

Zile siku kumi na moja nazikumbuka, nililala kwa Bi Redio. Ya fundi viatu sikuwahi kuyajua. Wala ya magoti.

Za Julai na Agosti nilimsomea pia. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema inatosha, nisimsomee tena. Lakini hajaacha kutazama, Baba. Anaamka kabla yangu. Majina yako hayataki, anawapa yake: yupo Fundi Bomba, yupo Mama Mkwe, yupo mmoja anaitwa Anayejisikia. Yeye na Bi Redio wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nami nikiwasikia kutoka jikoni nafurahi, kisha nakukumbuka wewe.

Fomu iko kwake. Bado sijathubutu kumuuliza.

Binti yako

9 Oktoba

Baba, shikamoo.

Naiambatisha fomu. Jana nilimuuliza, ingawa tarehe imeshapita. Akaitoa katikati ya daftari, akasema, "Mpelekee, karatasi ni yake."

Mbele hajaandika kitu. Nyuma ameandika ndege wa Septemba, daftari lilikuwa limejaa. Nilisoma orodha nzima nikitafuta kama yupo hata mmoja aliyempa jina lako. Hayupo. Nakwambia mimi ili usilitafute humo.

Nakufunika kifua, kwa maneno tu, maana mikono haifiki.

Binti yako

28 Oktoba

Mwanangu, marahaba. Hujambo, na mama yako hajambo? Kifua kimekuwa kizito tangu baridi ianze, lakini nakula.

Fomu imefika. Mbele nimeona. Usirudi kumwomba, usimtetee kwangu, wala usinitetee kwake. Magoti yale sikuyajua.

Mwandiko wake haujabadilika. Herufi bado zinaegemea kulia, bado hafungi "a" zake. Nilikaa na orodha dirishani, nikaweka rula chini ya kila mstari kama nilivyofanya kiwandani nikisahihisha. Ndege kumi na saba. Hajaandika ukubwa, mdomo wala mkia. Jina tu, na mbele yake idadi. Nimewapitia wote mara mbili, mara ya pili kitabu kikiwa wazi pembeni. Sikumtambua hata mmoja.

Baba