Ubao Uliomvunja Baruti Mkono

Nyumbani kwa Mama,
Barabara ya Ufukweni.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa kaka,

Salamu nyingi, za moto kama chai ya Mama. Hujambo? Kifua kimepona? Nasikia baridi ya huko inauma mpaka kwenye fizi; vaa soksi, usijifanye kijana. Sisi tu wazima wa mwili, ila wiki hii tulipungukiwa na amani. Mama anaendelea vizuri. Bega linamuuma akigeuka, ulimi haumuumi hata kidogo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikata maneno. Barua haikatwi. Keti, usome mpaka mwisho.

Nianze na paa. Zile paneli za sola ulizomnunulia Mama alizifunga shemeji yetu, mume wa dada yetu Kiduchu. Alizifunga kwa mapenzi, lakini alikosea. Skrubu alizipiga kwenye mabonde ya bati, kule kule maji yanakopita, badala ya kwenye migongo, na washa za mpira, vile vipete vya kuzuia maji, hakuweka. Nawe waijua chumvi ya bahari yetu: hata kijiko ukikisahau dirishani kinaota kutu. Matundu yakapanuka. Maji yakawa yanapenya chini ya paneli, mahali jicho halifiki, yanajikusanya juu ya dari ya chumba cha Mama.

Jumatatu ikaja mvua na upepo wa kubomoa. Mama alikuwa ameketi kitandani anashona kifungo. Dari ikashuka yote kwa mkupuo: maji, mbao, misumari. Niliposikia kishindo nikakimbia, nikakuta mguu tu ndio unaoonekana. Kaka, nilichimba kwa kucha. Nilipomfikia, uso ulikuwa damu tupu na bega limeteguka, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Sindano iko wapi? Isije ikamchoma mtu."

Mdogo wetu wa mwisho unamjua, jina la Baruti hakupewa bure. Usiku huo alilala hospitali pembeni ya kitanda cha Mama. Kesho yake jua liliwaka la kupasua kichwa, na shemeji akapanda juu kuangalia kosa lake. Baruti akaja moja kwa moja, akazima swichi kubwa ya ndani, akapanda. Mimi nikamfuata, nikaishia katikati ya ngazi.

"Ulitaka kuniulia mama!"

"Shemeji, ngoja. Nimekosea, nitarekebisha..."

Hakumaliza. Ngumi ilimkuta mdomo uko wazi, nikasikia taya likilia kama kuni kavu. Akaanguka, akateleza, akang'ang'ania ukingo wa bati. Baruti akawa anamkanyaga vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayeua siafu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kisha akamwacha akaigeukia sola. "Na takataka hizi zinang'oka leo!" Akaingiza mikono yote miwili chini ya paneli, akavuta.

Swichi alizima, ndiyo. Lakini paneli ikiwa juani haijui habari za swichi ya ndani. Umeme unaendelea kuchemka mle mle kwenye nyaya zake. Nyaya zilikuwa zimechunika, na umeme ukamshika. Haukumrusha, kaka, ulimshika. Viganja vikajikunja juu ya waya, meno yakabana, akatetemeka kama mashine ya kusaga. Nilisikia harufu ya nyama ikiungua. Ilikuwa nyama ya mdogo wangu.

Shemeji hakuweza kupiga kelele, taya lilikuwa linaning'inia. Alijivuta juu, akatambaa kwa magoti, akachukua ubao mkavu aliopanda nao wa kukanyagia, akaunyanyua, akampiga Baruti mkono kwa nguvu zake zote. Mfupa ukavunjika, viganja vikaachia. Baruti alipoanguka chali, shemeji akamlalia kifuani asiteleze hadi chini, akabaki hivyo, damu yake ikimdondokea mwenzake usoni, mpaka majirani walipopanda.

Huo ndio ubao unaousikia. Baruti alizinduka akiwa na plasta ngumu ya mfupa mkononi, na kitu cha mwisho alichokumbuka ni ubao ukishuka. Shemeji naye alifungwa taya kwa waya, hana hata herufi moja ya kujitetea. Nilipoeleza mimi, Baruti akasema siku zote namtetea shemeji. Akakupigia wewe. Nawe ukasema, "Akikanyaga tena hapo, mvunjeni miguu."

Kaka, tangu Baba afariki, maneno yako hayafiki hapa kama maneno. Yanafika kama amri.

Ijumaa mchana Baruti alichukua nyundo kwa mkono wa kushoto, akaenda kwa Kiduchu. Alivunja madirisha, akavunja mlango. Dada yako huyo, mwenye umbo la ngumi moja, alikuwa nyuma ya mlango na mchi wa kinu. Baruti alipoingiza kichwa, akampasua paji la uso. Damu ikamziba macho, naye akapiga kwa nyundo hivyo hivyo bila kuona, ikachimba ukuta jirani na sikio la Kiduchu. Watoto wa tumbo moja!

Nilifika mbio, na Mama nyuma yangu, mkono umefungwa shingoni. Hakufoka. Alikwenda akaketi juu ya mlango ulioanguka, katikati yao.

"Anayetaka kupiga, aanze hapa," akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwa kwenye ngazi. Sema."

Nikasema yote. Baruti akatikisa kichwa, damu ikaruka. Ndipo nikamshika mkono nikamfungua bandeji ya kiganja.

"Tazama alama hii ya waya. Na kiganja cha pili kinayo. Ubao hauunguzi viganja, Baruti."

Akatazama. Akatazama tena. Nyundo ikamtoka mkononi, akaketi chini akalia kama mtoto, na Kiduchu bado ameshika mchi wake hajaamua.

Jana tumetengeneza paa. Shemeji alifunika paneli kwa mablanketi mazito zisilione jua, akazifungua, akaziba matundu, na skrubu mpya zenye washa za mpira akazipiga kwenye migongo. Amri alitoa kwa vidole, na vyenyewe vimevimba. Tukiwa katikati ya kazi Baruti akatokea, kichwa kimeshonwa, mkono kwenye plasta. Akasimama chini ya paa, akainua uso.

"Shemeji, nionyeshe pa kushika."

Shemeji akamwonyesha pindo la blanketi lililoning'inia.

Usidhani wamepatana. Wamefanya kazi, basi.

Mama anakusalimia, anasema ukija uje na miwani yake. Kiduchu anakusalimia kwa shingo upande, bado amekukasirikia. Baruti anakuamkia. Msalimie sana wifi, wabusu watoto.

Na leo kabla hujalala, mpigie shemeji. Hawezi kukujibu, kaka, lakini masikio yake ni mazima.

Mungu akutunze ugenini, akurudishe ukiwa na mikono na miguu yako yote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,

Mama Pacha