Bakuli Kwenye Tishari la Jeshi

Jumatatu, Ifakara

Na bado wakubwa wanasema tishari letu, chombo bapa cha kubebea kreni mtoni, lina miaka mingi ya kazi mbele yake! Lilichoka kabla mimi sijaingia jeshini.

Kila asubuhi, kabla sijanyanyua kitu kwa kreni, naweka bakuli la maji sitahani nione kama tumekaa sawa. Leo maji yalimwagikia kushoto, na ndoano ya kreni ilikuwa tupu. Maji ya Mto Kilombero yameshaingia ndani ya tumbo lake la chuma.

Nikamwita sajini. "Afande, njoo uone."

Akatazama, kisha akachomeka kipande cha ubao chini ya bakuli mpaka maji yakatulia.

"Tumekaa sawa," akasema. "Kesho tunalitoa lile trekta lililozama."

Nikajibu, "Ndiyo, afande," huku mguu wangu mmoja ukiwa chini kuliko mwingine.